Majirani wa Chumbageni: ukuta wa bustani na maneno ya kibao

Bi Mwanaisha: Asalaam aleikum jamani, habari za Jumapili. Mtendaji ameridhia tuitengeneze bustani ya kumbukumbu kabla ya tarehe 4 Novemba. Kazi ni ukuta, uzio wa chuma na kibao kipya. Maneno ya kibao nimeyaandika hivi: "MAPIGANO YA TANGA 1914. Jeshi kubwa la Waingereza lilishindwa na nyuki wa Tanga." Mnaonaje?

Mama Rehema: Waaleikum salaam. Fupi na tamu, watoto watayashika.

Mwalimu Mhina: Waaleikum salaam Bi Mwanaisha, kazi njema mmeianza. Maneno hayo lakini yasiende kwa mchora mabango bado. Nyuki walikuwepo, ni kweli. Ila ushindi wote ukiwapa nyuki, umewafuta waliopigana na waliokufa, na bustani ni yao hao.

Salimu Mabango: Shikamoo Mwalimu. Kwani si nyuki waliowafukuza?

Mwalimu Mhina: Marahaba Salimu. Mizinga ya nyuki ilikuwa imetundikwa mitini katika eneo la mapigano. Risasi zikaipasua, nyuki wakatoka na kumuuma kila waliyemkuta. Waliwauma Wahindi waliopigana upande wa Waingereza na Waingereza wenyewe, na waliwauma pia watu wa rashasha wa upande wa Wajerumani mpaka wakaziacha silaha zao kwa muda. Sasa nyuki waliouma pande zote mbili wataupaje ushindi upande mmoja?

Mwalimu Mhina: Sababu zenyewe hizi hapa, nazo zinajulikana vizuri.

Jumatatu tarehe 2 Novemba 1914 manowari Fox ya Waingereza iliingia mbele ya mji. Nahodha wake, Caulfeild, akamtaka mkuu wa wilaya wa Kijerumani, Auracher, asalimishe mji, akampa muda wa saa moja. Auracher akarudi mjini, akapeleka habari kwa kamanda wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck. Waingereza wakaanza kutafuta mabomu ya majini kwenye mlango wa bandari, muda ukapita. Kwa hiyo mji ulikuwa umeshaonywa kabla mtu hata mmoja hajashuka.

Halafu wakashukia kwenye rasi ya Raskazone usiku, si bandarini. Tarehe 3 asubuhi wachache wao wakajaribu kuingia mjini wakarudishwa. Shambulio kubwa likasubiri mpaka alasiri ya tarehe 4. Ile nafasi ya karibu siku mbili ndiyo iliyouokoa mji, kwa sababu reli ya Usambara ilikuwa imeshafika Moshi na askari waliokuwa huko waliteremshwa kwa treni.

Mzee Mbwana: Na wale askari waliotoka Bombay, India, walikuwa wamechoka kabla ya kupigana. Wameondoka kule katikati ya Oktoba, zaidi ya wiki mbili baharini wamesongamana kwenye meli, wanashuka joto la Novemba la Tanga wanaambiwa waingie msituni.

Mwalimu Mhina: Barabara kabisa, Mzee wangu. Ongeza na hili: Jenerali Aitken, kamanda wa Waingereza, hakupeleka wapelelezi kutazama njia. Mizinga yake ya kivita, ile ya milimani, aliiacha melini ipige kutoka sitahani, nayo haikuona inachopiga. Njia ya kutoka Raskazone ilipita mashamba ya minazi na mipira na vichaka, na mbele ya mji kulikuwa na handaki la reli. Vikosi vikapotezana. Baadhi vilivunjika na kukimbia, lakini Gurkha wa Kashmir na Waingereza wa North Lancashire waliingia hadi ndani ya mji. Kisha Wajerumani wakalizunguka jeshi upande wa kushoto kwa rashasha, likarudi nyuma. Tarehe 5 wakapanda meli zao.

Watu kama 8,000 dhidi ya kama 1,000. Hilo ndilo linalowafanya watu watafute muujiza wa nyuki.

Salimu Mabango: Kumbe hata usiku ule wa tarehe 4 wangeweza kuingia?

Mwalimu Mhina: Naam. Tarumbeta ilipigwa jioni, askari wa Kijerumani wakaifahamu vibaya wakarudi kambini magharibi ya mji. Mji ulibaki karibu mtupu usiku kucha. Waingereza hawakujua kwa kuwa hawakumtuma mtu kwenda kutazama.

Fundi Kombo: Asanteni kwa historia. Mimi nimepita bustanini leo asubuhi nikautazama ukuta. Bi Mwanaisha, tafadhali yeyote asinunue saruji. Nimesikia kuna aliyeahidi mifuko mitatu. Mwambieni aiweke kwa ajili ya nguzo za kibao tu.

Mama Rehema: Fundi, saruji si ndiyo imara?

Fundi Kombo: Ni imara mno kwa ukuta ule, mama, na hapo ndipo shida inapoanza. Ukuta ni wa matumbawe yaliyoungwa kwa chokaa. Matumbawe yananyonya maji, na hapa kwetu maji yanakuja na chumvi ya bahari. Ukiziba maungio kwa saruji, unyevu hauwezi tena kutokea kwenye maungio, unatokea kwenye jiwe. Maji yanakauka usoni pa jiwe, chumvi inabaki ndani, inajenga fuwele, inausukuma uso wa jiwe mpaka unabanduka kama magamba. Nendeni mkatazame kona ya kusini, ile iliyozibwa zamani kwa saruji: mistari ya saruji imesimama mbele na mawe yamerudi ndani kwa upana wa kidole. Chokaa inatakiwa iwe laini kuliko jiwe. Kikiharibika kitu, iharibike chokaa, maana hiyo inajazwa tena.

Mzee Mbwana: Umesema kweli. Majumba ya zamani ya Pangani yaliyosimama mpaka leo yamejengwa kwa chokaa.

Bi Mwanaisha: Basi tuelekeze Fundi, hatua kwa hatua, niwagawie watu kazi.

Fundi Kombo: Haya.

Kwanza piga picha ukuta wote, kila mita moja, kabla hamjagusa kitu. Weka rula au kijiti kilichopimwa ndani ya picha.

Mimea: kuna mkuyu mdogo umeota juu ya ukuta. Msiuvute. Mizizi imeshaingia kati ya mawe, ukiuvuta unatoka na mawe yake. Ukate kwa msumeno karibu na ukuta, halafu palepale, kabla utomvu haujakauka, paka dawa ya kuua magugu kwa brashi ndogo kwenye kidonda cha shina. Uacheni ufe wenyewe, mizizi itoke baadaye ikishakauka.

Kuosha: maji safi ya bomba na brashi laini ya nyuzi. Si brashi ya waya, si tindikali, si dawa ya klorini ya kufulia, si mashine ya kuoshea magari. Anza chini kwenda juu, kwa sababu maji machafu yakiteremka juu ya jiwe kavu yanaacha michirizi isiyotoka. Kuvu nyeusi haitatoka yote. Ikibaki kidogo iacheni.

Mama Rehema: Na lile jiwe lenye maandishi? Halisomeki tena, watu wamesema tupitishe rangi nyeusi kwenye herufi.

Fundi Kombo: Lile lioshwe kwa maji na sifongo tu, na chokaa isilifikie. Rangi msipake kama haikuwepo tangu mwanzo.

Mwalimu Mhina: Na msilisugue kwa chaki wala mkaa ili lisomeke, chaki inaingia kwenye vinyweleo vya jiwe. Njia nzuri ni hii: nendeni baada ya magharibi na tochi, mmoja aishike ubavuni pa jiwe, mwanga upite usoni pake kwa mlalo. Kivuli kinaingia kwenye kila herufi. Mpige picha nne, tochi ikiwa kushoto, kulia, juu na chini. Herufi ambazo mchana hazionekani zitasomeka kwenye picha.

Salimu Mabango: Hiyo nitaifanya mimi, nina tochi kubwa.

Fundi Kombo: Tunaendelea. Maungio yaliyooza yachimbwe kwa tindo na nyundo ndogo, kina cha sentimita mbili na nusu. Mashine ya kukatia marufuku, inakata pembe za mawe. Chimba, fagia vumbi, lowesha.

Vipimo: ukuta ni mita 12 kwa mita 1, pande zote mbili ni mita za mraba 24. Kwa mawe yasiyochongwa kama haya, kila mita ya mraba inakula kama lita 20, yaani debe moja. Kwa hiyo mchanga madebe 24 na chokaa iliyolowekwa madebe 8, kipimo cha moja kwa tatu. Msijumlishe mkapata 32, chokaa inaingia kwenye nafasi kati ya punje za mchanga, jumla inabaki karibu ileile ya mchanga. Mfuko wa kilo 25 wa chokaa ukilowekwa unatoa kama madebe mawili. Nunueni mitano, minne itumike, mmoja uwe wa akiba na wa kupaka.

Bi Mwanaisha: Kulowekwa kwa muda gani?

Fundi Kombo: Chokaa ya mfuko angalau wiki moja ndani ya pipa, maji yasimame juu yake vidole vinne, lifunikwe. Wiki tatu ni bora zaidi, inakuwa laini kama siagi na inashika vizuri. Ndiyo maana naomba inunuliwe kesho. Mwaga chokaa kwenye maji, si maji kwenye chokaa. Miwani na glavu kwa kila anayeigusa. Ikiingia jichoni, osha kwa maji mengi robo saa bila kusimama, kisha hospitali Bombo moja kwa moja.

Mchanga uwe wa mtoni, wenye punje za kuchoma mkono. Wa ufukweni hapana kabisa, hata ukiambiwa umeoshwa. Kabla ya kulipa fanyeni kipimo cha chupa: jaza mchanga nusu chupa ya kioo, ongeza maji karibu ijae, tikisa dakika moja, iache itulie saa tatu. Tope litakaa juu ya mchanga. Likizidi sehemu moja kwa kumi ya urefu wa mchanga, lori lirudi.

Mama Rehema: Nimeandika. Chupa ninayo.

Fundi Kombo: Sasa sehemu inayoharibiwa na wengi. Chokaa haigandi kama saruji. Inaganda polepole kwa kuvuta hewa, na inahitaji unyevu wakati inavuta. Jua la Tanga likiikausha siku ya kwanza inabaki unga, ukipitisha kidole inamwagika, na watu wanasema chokaa ni mbovu. Kwa hiyo: kazi ianze saa 12 na nusu asubuhi, isimame saa 4. Kila kipande kilichomalizika kitundikiwe magunia ya katani yaliyolowa. Kunyunyiza asubuhi na jioni kwa siku kumi, bomba la pulizo, si ndoo. Mvua za vuli zikinyesha, turubai juu ya magunia, maana mvua kubwa inaikosha chokaa mbichi.

Bi Mwanaisha: Zamu ya kunyunyiza nitaipanga. Siku kumi, watu wawili kila siku.

Fundi Kombo: Uzio wa chuma uko hivi. Kutu ikivimba inapasua jiwe lililoshika nguzo, tayari nguzo mbili zimefanya hivyo. Kwangua kwa brashi ya waya, hapo kwenye chuma inaruhusiwa, mpaka chuma king'ae. Paka rangi ya kuzuia kutu siku hiyohiyo, usilaze usiku, hewa ya bahari inarudisha kutu kabla ya alfajiri. Kisha mikono miwili ya rangi ya mafuta. Pale nguzo inapoingia jiweni maji yasitulie, tengenezeni mteremko mdogo.

Mzee Mbwana: Jambo la usalama. Mwarobaini wa nyuma una nyuki. Asiwepo mtu wa kuwachoma kwa petroli. Aitwe mfuga nyuki awahamishe usiku, wiki moja kabla. Na katika kuchimba mashimo ya nguzo, ikionekana mfupa, risasi au chuma chochote cha duara, koleo liwekwe chini, watu wasogee, polisi waitwe. Baruti ya zamani haizeeki kwa namna ya kuaminika.

Salimu Mabango: Na yale makaburi meupe yenye mawe yanayofanana, tuyaoshe pia tukiwa na maji?

Mwalimu Mhina: Hapana Salimu, yale yana mwenyewe. Yanatunzwa na Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, iliyoanzishwa 1917. Wana mafundi wao na utaratibu wao. Ukiona jiwe limevunjika unawaarifu, hugusi.

Na kwa kuwa tumeitaja Tume hiyo, nataka tuzungumze juu ya wasio na jiwe hata moja. Mwaka 2021 Tume yenyewe ilitoa ripoti na kuomba radhi. Ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza hawakuandikwa majina, au hawakukumbukwa kabisa, na wengi wao ni wa Afrika Mashariki na Misri. Wapo askari, ila wengi ni wapagazi. Wapagazi wa upande wa Uingereza waliokufa katika vita vya huku wanakadiriwa 95,000. Waliuawa zaidi na kuhara damu, malaria na njaa kuliko risasi. Mtu anabeba kilo kama 25 kichwani, anakula unga usioiva vizuri, analala mvuani. Kariakoo ya Dar es Salaam imepata jina kutokana na kikosi chao, Carrier Corps. Sanamu ya Askari pale mjini Dar, ya mwaka 1927, inawataja wapagazi katika maandishi yake, lakini aliyesimama juu ni askari mwenye bunduki.

Kibao chetu kikiwanyamazia tutakuwa tumerudia kosa lilelile, tena kwa lugha yao wenyewe.

Mama Rehema: Mwalimu, hilo limenigusa. Liandikwe.

Mzee Mbwana: Nami naunga mkono. Na Abushiri je? Watu wengi wanadhani bustani ni ya vita vyake.

Mwalimu Mhina: Abushiri tusimchanganye humu. Vita vya pwani dhidi ya kampuni ya Wajerumani vilianza 1888, na Abushiri bin Salim alinyongwa Pangani Desemba 1889. Ni robo karne kabla. Anastahili kibao chake, tena kikubwa, lakini mgeni akisoma vita viwili kwenye kibao kimoja ataondoka na vita kimoja kisichokuwepo. Na tuseme wazi pia kwamba wengi waliopigana upande wa Wajerumani 1914 walikuwa Waafrika, maana neno "Wajerumani" peke yake linawaficha. Wengi wao walikuwa na bunduki za mtindo wa 1871, za baruti nyeusi, kila risasi inatoa moshi unaomwonyesha mpigaji. Waingereza walipoondoka waliacha bunduki 455 na risasi 600,000, ndipo baadhi ya askari wakapata silaha za kisasa.

Bi Mwanaisha: Tuandikie basi Mwalimu. Salimu, nafasi ni ya maneno mangapi?

Salimu Mabango: Bamba la sentimita 90 kwa 60. Kichwa herufi za milimita 35, maneno milimita 18, yasizidi maneno mia moja au juu kidogo. Zaidi ya hapo herufi zinakuwa ndogo na mzee hasomi bila miwani. Stika ya kuchapisha sipendekezi, jua la hapa linaipausha mapema na pembe zinakunjuka. Nitachonga herufi kwenye bamba la alumini na kujaza rangi. Skrubu ziwe za chuma cha pua cha daraja la 316, za kawaida zinalia kutu na kutia madoa bamba zima. Na kati ya skrubu na alumini kuwe na washa ya plastiki, vyuma viwili tofauti vikigusana penye chumvi kimoja kinaliwa.

Fundi Kombo: Kibao kisitobolewe ukutani. Nguzo zake mbili, kina sentimita 60, zege la moja kwa mbili kwa nne. Hapo ndipo mifuko ya saruji itumike. Ukingo wa chini sentimita 80 kutoka ardhini, bamba lilale kidogo nyuma ili mtoto na mwenye kiti cha magurudumu wasome.

Mwalimu Mhina: Haya, someni.

"MAPIGANO YA TANGA, 2–5 NOVEMBA 1914
Jeshi la Uingereza la watu wapatao 8,000, wengi wao kutoka India, lilishuka Raskazone kuuteka mji. Upande wa Ujerumani walikuwa kama 1,000, wengi wao askari Waafrika; baadhi waliletwa kwa reli kutoka Moshi. Baada ya mapigano ya tarehe 4 Waingereza walirudi melini. Walikufa watu kama 360 wa upande wa Uingereza na kama 70 wa upande wa Ujerumani. Waingereza waliuchukua mji Julai 1916. Vita viliendelea Afrika Mashariki hadi Novemba 1918. Wapagazi waliokufa upande wa Uingereza pekee wanakadiriwa 95,000. Wengi wao hawana kaburi lenye jina."

Mama Rehema: Na nyuki wangu?

Mwalimu Mhina: Nimewawekea sentensi moja, mama, iingie baada ya "walirudi melini": "Nyuki waliotimuliwa mizingani waliwauma watu wa pande zote mbili."

Mama Rehema: Hapo sawa. Watoto watauliza, na jibu liko palepale.

Mzee Mbwana: Nimeridhika.

Bi Mwanaisha: Nimepokea. Nitampelekea Mtendaji nakala, na moja kwa ofisi ya mambo ya kale waitazame kabla Salimu hajachonga. Fundi, chokaa mifuko mitano kesho asubuhi, pipa nani analo?

Fundi Kombo: Pipa ninalo, la plastiki, lita 200. Magunia ya katani yanahitajika thelathini. Mwenye nayo ayalete, yasiwe yaliyobebea mbolea wala chumvi.

Mama Rehema: Kumi yapo kwangu, yalikuwa ya nazi.

Salimu Mabango: Mwalimu, "Raskazone" neno moja au mawili? Nataka kupima mstari.

Mwalimu Mhina: Neno moja, kama lilivyo kwenye kibao cha barabara.